Pindo la Ng'ambo

Sindano aliinua kifuniko cha ndoo akidhani atakuta nguo za kufua. Akakuta zambarau. Akavuta pembe ya kitambaa, ikatoka njano, kisha ukatokeza ubawa wa ndege mweusi. Hapo akaachia kama aliyeshika kaa la moto.

Bendera ya ng'ambo. Nani asiyeijua? Kila wiki ilichomwa moto kwenye televisheni. Na sasa ilikuwa imelowekwa uani, katika ndoo ya mama mkwe wake.

Alionja kidole. Chumvi. Wao mafundi huloweka kitambaa kipya kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike, isichuje. Kumbe mama alitaka bendera ile idumu.

Akarudishia kifuniko, akaingia chumba cha kushonea na kuketi kwenye cherehani yake kama hakuona kitu. Ndivyo alivyokuwa. Waliomwita Sindano walianza kwa sababu ya wembamba wake, wakaendelea kwa sababu hupita mahali asisikike.

Mama mkwe alikuwa mezani akipima kitambaa cha sare za shule, akihesabu chini chini kwa lugha ya kwao. Kwao ni ng'ambo. Aliletwa huku akiwa bibi harusi, akazaa huku, akamzika mumewe huku, lakini akishika futi tu, hesabu zinamrudisha kwao. Zamani wateja walimtania kwa hilo. Tangu ugomvi wa visiwa uanze hawakumtania tena. Walichukua nguo zao wakiwa wamesimama mlangoni, wakaenda zao.

Visiwa vyenyewe vilikuwa mawe matatu na kinyesi cha ndege. Mwalimu mmoja alipokuja kuchukua kaptula za wanafunzi alisema maji yakijaa hapabaki hata pa kufungia mbuzi, na waliokuwepo wakacheka. Sindano hakucheka. Juu ya mawe hayo alikuwa mume wake, koplo, pamoja na kikosi chake, wakitazamana kwa darubini na wenzao wa ng'ambo. Risasi moja tu ingetosha.

Walipokuwa wakila, mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, fua yale mashuka mazuri. Mumeo anarudi kabla mwezi haujaisha."

"Si likizo zimefutwa, mama? Nani kakwambia?"

Mama mkwe akajishughulisha na sahani yake. "Mzazi anajua tu," akasema, macho hakuyainua.

Mzazi gani anajua mambo ya jeshi?

Tangu hapo akawa hambandui macho. Kila alasiri mama mkwe alijifungia chumba cha nyuma, na akitoka, ufunguo unaingia kifuani. Sindano akachungulia kwenye ufa wa mlango. Mama alikuwa ameitandaza ile bendera mapajani, anashona pindo kwa mkono. Mafundi wa huku hukunja pindo mara mbili. Yeye alikunja mara tatu, kama alivyofundishwa ng'ambo akiwa msichana. Na huku akishona, analia.

Analilia kwao, Sindano akajiambia.

Mtu pekee ambaye hakuikimbia nyumba ile alikuwa Meja, mkuu wa mume wake, mwenye ofisi pale mjini. Alikuja mara kwa mara kupunguziwa suruali. Sindano alishangaa kidogo, maana suruali zilipunguzwa huku tumbo likizidi kuongezeka, lakini alimshukuru moyoni. Mkubwa kama yule hakuona haya kuonekana katika mlango ule. Isitoshe aliwahi kumwambia, kwa upole wa baba, kwamba akiona jambo lolote la ajabu asisite kwenda kumwona.

Sindano alilipima jambo hilo hadi kichwa kikamuuma. Kumchongea mama mkwe ni kubomoa nyumba yake kwa mikono yake. Kunyamaza, huenda ikawa ndiyo kumzika mume. Asubuhi akajitanda mtandio, akasema anakwenda kununua uzi, akaongoza moja kwa moja hadi ofisini kwa Meja.

Akamweleza yote: bendera, mlango unaofungwa, pindo la ng'ambo, machozi, na ile habari ya mashuka. Ndoo na chumvi hakuvitaja. Aliona hayo ni mambo ya mafundi, yangempotezea mkubwa muda.

"Ni mama yake mume wangu, mzee," akamalizia. "Naomba msimpige. Mtoeni tu mume wangu kule kabla mambo hayajaharibika."

Meja alikuwa amemsikiliza bila kushika kalamu wala simu. Akainuka, akafunga mlango, kisha akaegemea meza mbele yake. Suruali ilikuwa imembana vilevile, kama siku zote.

"Bendera imeshapauka?" akauliza.

Sindano akamtumbulia macho.

"Mwambie mama aongeze chumvi, na aianike juani. Nataka ionekane imepigwa na upepo wa bahari siku nyingi." Akashusha pumzi, akamtazama kama mtu anayemwonea huruma kweli. "Na hayo mashuka, usiyafue kwanza. Tulimwahidi mama kwamba mwanawe atarudi, na atarudi. Lakini lazima abaki mtu kule wa kuikuta imesimikwa juu ya mawe, ili ionekane wao ndio walioanza."