Jasho la Mtu Mmoja

Tabora ya siku hizo, hakuna aliyeruhusiwa kufanya kazi juani kabla ya kupandikizwa ngozi mpya mgongoni. Ngozi hiyo ilikuzwa maabarani juu ya utando wa hariri, kutokana na seli za mwanariadha mmoja ambaye watafiti waligundua kwamba jasho lake hupoza mwili kuliko la mtu mwingine yeyote.

Nyamizi, mkulima wa karanga, alipopona kidonda cha kupandikizwa alirudi shambani, akalima hadi adhuhuri bila kizunguzungu. Alistaajabu. Alipitisha kiganja mgongoni, akanusa. Harufu ilikuwa kama ya majani ya mpera yaliyofikichwa, wala haikuwa yake.

"Kumbe bingwa ananukia hivi!" alisema, akacheka.

Mwanawe Mihayo, ambaye alikuwa bado anatambaa, hakuipenda harufu hiyo. Kila alipobebwa mgongoni kwa kanga alilia na kujinyonganyonga, kana kwamba amechukuliwa na mgeni.

"Atazoea tu," alisema jirani yao Kalunde, ambaye naye alikuwa amepandikizwa. "Hata wangu alizoea."

Kweli, Mihayo akazoea, na Nyamizi akashukuru. Jioni moja alimwachia Kalunde mtoto, akaenda kuteka maji. Aliporudi alimkuta Mihayo mgongoni kwa jirani, shavu limelalia ngozi yenye unyevu chini ya shingo.

"Hajasumbua hata kidogo," alisema Kalunde. "Anadhani ni wewe."

"Mihayo," aliita Nyamizi. "Mama nimerudi."

Mtoto aliinua kichwa, akamtazama kwa makini. Kisha akarudisha shavu palepale.