Raketi Kuukuu

Mwalimu Fanueli alitaka raketi rahisi ya akiba, ya kuchezea mpira wa vinyoya jioni na walimu wenzake. Mwenye duka akamletea moja kuukuu.

"Ilikuwa ya mzungu wa shamba la mkonge, njia ya Pongwe. Nyuzi zote nzima, mwalimu."

Fanueli akaipima mkononi. Ilikuwa nyepesi, ikamkaa vizuri. Kisha kidole chake kikagusa damu iliyokauka ukingoni, na nywele fupi za kipilipili zilizonasa kwenye nyuzi.

"Hiyo itatoka kwa maji," mwenye duka alisema akicheka. "Alikuwa akiwachapia vibarua."

Baba yake Fanueli alikuwa kibarua wa mzungu huyo huyo.

Akaivunjia raketi gotini.

"Nifungie," alisema. "Nampelekea mzungu mwenyewe."