Alicholeta Kunguru

Kifungo alichokiweka kunguru dirishani kilikuwa bado na uzi wa kijani, na mwoka mikate aliujua uzi ule. Alikishona mwenyewe kwenye shati la mumewe, siku uzi mweupe ulipomwishia.

Akapangusa unga mikononi, akakiokota.

Kunguru alikuwa akingoja malipo. Ndivyo walivyozoeana: yeye alete kitu kinachong'aa, kizibo cha soda au skrubu, naye apewe kipande cha mkate. Hakufundishwa na mtu. Aliwatazama tu wateja wakitoa sarafu na kuondoka na mikate, kesho yake akaja na kizibo mdomoni. Mumewe, fundi bomba, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mchuuzi wako ataninyang'anya mke," alisema.

Sasa fundi bomba alikuwa hajaonekana wiki nzima. Alitoka asubuhi na mkoba wake wa spana, akasema amepata kibarua, hakusema wapi. Tangu hapo simu yake haikupatikana. Kituoni walimwambia mkewe kwamba mtu mzima hapotei kama kuku. Majirani nao walinong'onezana kwamba mwanamume akinyamaza hivyo, ana nyumba nyingine.

Mwoka mikate alikata kipande, akakitupa dirishani bila kumtazama ndege. Zamani kunguru angekula palepale huku akimkodolea macho. Safari hii alikibana mdomoni, akaruka nacho.

Kesho yake akaleta kipande cha mkanda wa saa. Kilikuwa kimelowa, na kilinuka maji yaliyooza.

Hapo hofu ikamwingia mwoka mikate mpaka kwenye mifupa. Mkanda ule aliujua pia. Na nani asiyejua tabia ya kunguru? Penye mzoga ndipo penye meza yake. Alilala na taa inawaka, na kila alipofumba macho aliona mdomo mweusi ukidonoa.

Asubuhi alimwita shemeji yake, mdogo wa mumewe. Walikuwa wamesimama jikoni, chai hata haijaguswa, wakati kitu kilipogonga kwenye kizingiti cha dirisha. Kilikuwa pete.

"Haiwezekani," mwoka mikate alisema. "Shemeji, pete hii haivuki kifundo cha kidole. Tangu kaka yako anenepe, hata kwa sabuni haitoki. Tumejaribu mara ngapi!"

Shemeji alimtazama yule ndege, akautazama ule mdomo mnene uliochongoka. Wote wawili waliwaza jambo moja.

Shemeji akatoka mbio. Aliporudi alikuwa na pakiti ya sumu ya panya.

"Ipake kwenye mkate," alisema, machozi yakimlengalenga. "Siwezi kukaa nikitazama ndege anamla kaka yangu kidogo kidogo."

Mwoka mikate aliipokea. Akaichana. Akauweka mkate mezani na kuupasua katikati. Kunguru aliinamisha kichwa upande mmoja, akimfuatilia vidole.

Pakiti ilikuwa tayari imeinamishwa alipousimamisha mkono.

"Akifa huyu, nani atatuonyesha alipo? Mimi nataka nimzike mume wangu, shemeji. Hata kama ni mifupa."

Akaitupa sumu kwenye ndoo ya taka, akanawa mikono mpaka viwiko. Kisha akakata kipande kikubwa kuliko vyote alivyowahi kutoa, ili uzito umpunguzie ndege mwendo.

Kunguru aliruka chini chini, nao wakamfuata, macho juu, wakipigana vikumbo na watu. Walipita nyuma ya soko, wakapita gereji, wakaingia barabara ya vumbi wasiyopita watu tena. Mara mbili walimpoteza, na mara mbili wakamkuta ametua juu ya ukuta, mkate mdomoni, kama anayewangoja.

Mwishowe alivuka lango la kiwanda cha sabuni kilichofungwa zamani, ambacho hata mlinzi hakikuwa naye. Uani, kwenye majani marefu, palikuwa na tangi la zege lililochimbiwa ardhini. Mfuniko wake ulikuwa umesukumwa kando. Pembeni ulilala mkoba wa spana.

Shemeji alipiga magoti, akajishika kichwa. Hakuweza kwenda mbele zaidi.

Mwoka mikate alijikokota mpaka ukingoni peke yake. Ngazi ya chuma ilikuwa imekatika karibu na juu, kutu tupu. Chini kulikuwa na giza, na harufu ileile ya mkanda wa saa ikampiga usoni. Nzi walizunguka. Alitaka kuita jina la mumewe, lakini alijua kwamba asipojibiwa hatasahau kimya hicho mpaka aingie kaburini.

Kunguru akampita begani na kuzama shimoni na mkate wake.

Mwoka mikate alifumba macho, akaziba na masikio, maana hakutaka kusikia mdomo ule ukifanya kazi yake. Hata hivyo alisikia. Alisikia mabawa yakigonga zege, maji yakichapwachapwa, kisha sauti iliyokauka kama mlango wenye kutu:

"Leo umechelewa, bwana mkubwa. Haya, lete huo mkate. Ila malipo sina tena: nimebakiwa na suruali tu, na hiyo sikupi."