Ndani ya Mstari wa Manjano

Tangu kisanduku cha kubadilishia sindano kipigiliwe kwenye ukuta wa nyumba yake, Bi Mwanasha hakuwa na raha. Si kwamba wateja walimsumbua, la. Walitia sindano chafu, wakatoa safi, wakaenda zao. Taabu ilikuwa sheria: aliyesimama ndani ya mstari wa manjano uliochorwa chini kukizunguka hakamatwi kwa unga wa kulevya, wala haulizwi neno. Na Bi Mwanasha alizaliwa akiuliza.

"Hujambo, mwanangu?"

"Hilo ni swali," kisanduku kilimkatiza kwa sauti yake ya mashine. "Onyo."

"Ni salamu, ewe bati!"

"Onyo la pili."

Basi akajifunza kupita pembeni. "Umekonda wewe, na mamako hana habari," alikuwa akisema, na onyo lisitoke.

Asubuhi moja akaja Shali, mwanawe, aliyetoweka nyumbani tangu mfungo wa mwaka juzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Maswali yakamjaa kinywani kama maji ya kusukutua.

Shali akabadilisha sindano, akasimama. "Leo huniulizi kama nimekula?"

Mama akaziba mdomo kwa upindo wa leso. Shali akacheka, akavuka mstari kumfuata alikosimama nje. "Haya, uliza sasa."

"Ulinzi umekoma," kisanduku kikatangaza kwa adabu.

Ng'ambo ya barabara, penye kibanda cha kahawa, askari akaweka kikombe chini.

Bi Mwanasha akamsukuma mwanawe ndani ya mstari kwa mikono miwili, akaingia jikoni, akarudi na mbaazi na mahamri. Akaketi naye chini ya kisanduku. Wakala, maswali yote yakingoja nje ya mstari, pamoja na askari.