Taa ya Testa

"Jina lenyewe la ugonjwa huu maana yake ni makovu mengi, fundi," daktari alimwambia Kibwana asubuhi ile. "Mwili unaichubua mishipa yake ya fahamu, unaibandua ganda."

Kibwana alikuwa amefunga umeme katika nusu ya nyumba za mji ule. Alielewa papo hapo.

"Kama waya uliochubuka."

"Naam, kama waya."

"Lakini waya tunauzungushia tepu, daktari."

Daktari aliinamia karatasi zake.

Nyumbani hakuwa na wa kumweleza. Mtaani walishasema kuyumba kwake ni pombe, na tangu hapo hakuna aliyemwita kazini. Alichukua testa yake, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, akaichomeka kwenye soketi ya ukutani. Taa ile haiwaki mpaka umeme upite mwilini mwa fundi. Akaweka kidole gumba juu ya kichwa cha chuma cha mpini. Kidole kilikuwa na ganzi tangu mwezi wa mfungo. Hakuhisi hata ubaridi wa chuma.

Taa ikawaka.

Hakukiondoa kidole. Nje watu walipita wakizungumza, naye aliendelea kuitazama, akiogopa kupepesa macho.