Gari la Kumtisha Mzee

Bolti zilitoka kwa vidole. Binti, aliyechuchumaa kando ya gurudumu na sketi yake ya ofisini, alikuwa amejiandaa kwa kelele na nyundo. Gari la baba yake, lile refu la kupandia milima, lilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

"Zilikuwa zimelegea," fundi alisema kutoka uvunguni, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akajisukuma nje akiwa na chuma cheusi, kirefu kama upana wa gari, kimepinda ncha zote mbili.

"Stabilaiza hiyo. Inashikanisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale kwenye kona. Ukiitoa, gari linainama mpaka abiria anakumbuka madhambi yake."

"Litapinduka?"

"Kwa mwendo wa mzee? Hapana, dada. Atadhani tu linapinduka."

Ndicho alichotaka. Mwezi uliopita alimkuta baba yake kwenye bonde la mawe nyuma ya nyumba ya mzee, njia ya kwenda mlimani kwa rafiki yake wa drafti. Gari lilikuwa limekwama, gurudumu moja likining'inia hewani, na mzee amekaa kwenye kivuli cha mlango tangu asubuhi, midomo imemkauka. Binti hakumgombeza. Alimpeleka hospitali, akalia peke yake kwenye korido, kisha akampigia simu fundi: gari la baba lisiguswe hata kwa spana moja bila idhini yangu.

Kumnyang'anya mzee funguo hakuweza. Alikuwa na miaka sabini na nne, mpima ardhi mstaafu, na hajawahi kunyang'anywa kitu. Binti alimsihi, akamtuma shangazi, akatumia hata kununa. Juzi mezani mzee alimjibu huku akitoa miiba kwenye samaki: "Kwa maneno siachi. Siku gari lenyewe likinitisha, nitaliacha."

Kesho yake binti alikuwa gereji. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema kuna kitu kinaweza kutolewa.

"Na usije ukamwambia," binti alisema sasa, akikung'uta sketi. Ilikuwa safi.

"Mimi sina mdomo, dada."

Mzee alifika saa tano akiamini, kwa mujibu wa binti yake, kwamba gari limebadilishwa oili. Akashika usukani, binti akakaa pembeni. Kwenye kona ya kwanza gari lililala ubavu na mkoba wa binti ukahamia mlangoni. Kwenye kona ya pili mzee alisema "Mh." Baada ya kona ya tatu alisimama kando ya barabara, akatoa leso na kufuta paji la uso, ambalo halikuwa na jasho.

"Limezeeka, mama," alisema. "Kona zimenishinda. Kuanzia leo mimi ni mtu wa teksi."

Binti aligeukia dirishani. Alifurahi, na aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

"Na funguo, baba?"

"Ziache kwangu. Niwe naliwasha Jumamosi, betri isife."

Akamwachia. Alikuwa ameshinda kubwa, hakuona sababu ya kugombania betri. Wakarudi polepole mpaka nyumbani kwa mzee, nyumba ya mwisho, pale lami inapokoma.

Jumamosi saa mbili asubuhi mzee aliwasha gari. Akaliacha lingurume kidogo kwa ajili ya betri. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba na kushuka bondeni, chupa mbili za maji kwenye kiti cha pembeni. Gurudumu la kushoto lilipanda jiwe. La kulia, lisilofungwa tena na mwenzake, likashuka shimoni kwa raha zake na kukanyaga chini. Jiwe kwa jiwe, shimo kwa shimo, hakuna gurudumu lililoning'inia. Saa tatu kasoro robo alikuwa mlimani, mlangoni kwa rafiki yake, ambaye alikwishapanga kete kwenye ubao.

"Binti yako alikubali?" rafiki aliuliza.

"Aliomba mwenyewe. Mwanao alikuna kidevu tu, kama tulivyomwelekeza."

"Nilimwambia alegeze zile bolti mapema," alisema baba yake fundi, akisukuma kete ya kwanza. "Asije akamchafulia mtoto wa watu nguo."