Mabati ya Bi Kidawa

Hakuna mwanamke mjini aliyeijua biashara ya hisa kama Bi Kidawa, na mwenyewe alilisema hilo mbele za watu. Ila hisa zake za kiwanda cha sabuni alizinunua akidhani ni tiketi za bahati nasibu ya friji. Friji hakulipata. Lakini kila mwaka kiwanda kilimletea gawio, naye akanunua mabati. Sasa nusu ya paa ilikuwa bati, nusu makuti yaliyovuja.

Shemeji yake, Machano, naye alikuwa mtu wa hisa, ila zake za kununua asubuhi na kuuza kabla ya adhuhuri. Leo alikuja simu mkononi.

"Uza zote, shemeji, bei imepanda. Fedha nipe mimi nizizungushe. Kabla ya masika utaezeka nyumba nzima."

Bi Kidawa aliyatazama makuti, akaingiwa na tamaa.

"Wewe mwezi huu umepata?"

"Nimepata mpaka naona haya."

"Na ile saa yako ya dhahabu?"

Machano akaufunika mkono wake mtupu. "Iko kwa fundi, inasafishwa."

Muuza kahawa akapita akigonga vikombe. Alipomwona Machano alisimama, akapandisha mkono wa kanzu.

"Bwana Machano, hii saa uliyoniuzia jana mbona inachelewa?"

Bi Kidawa akaagiza vikombe viwili, akalipa yeye. Machano aliinua uso, akaanza kuyahesabu mabati ya shemeji yake, moja moja, polepole.